Malenga Makali: Sauti za Kale katika Majina ya Uwanda wa Kati

Septemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke uliteremka kutoka milima ya Rubeho ukaingia ukingo wa mashariki wa Ugogo. Mbele yao ilitanda nyika kavu ambayo wapagazi waliijua na kuiogopa, maana mtu aliyeingia bila kujaza kibuyu aliweza asitoke. Wapagazi waliiita Marenga Mkali. Burton aliliandika jina hilo kwa herufi zake, akaeleza kuwa maana yake ni maji ya chumvichumvi. Mei 1871 Henry Morton Stanley alipita hapohapo akimtafuta Livingstone, naye akaandika Marenga Mkali. Tangu hapo jina likaganda kwenye ramani za Ulaya.

Mgogo akilisoma jina hilo leo, mara moja anasikia kilichoharibika. Kwa Kigogo maji ni malenga. (Msomaji wa Kiswahili asidhani ni yule malenga wa mashairi; hayo ni mambo mawili.) Kigogo cha asili hakina sauti ya r, kina l peke yake. Tena malenga ni wingi wa ma-, kwa hiyo sifa yake sharti iwe makali, si mkali. Jina lilipaswa kuwa Malenga Makali. Makosa haya mawili, l iliyogeuzwa r na upatanisho uliovunjika, yanatueleza habari ambayo Burton hakuieleza: hakulipata jina hili kwa Wagogo. Alilipata kwa watu wa msafara, Wanyamwezi na watu wa pwani, waliolibeba mdomoni miaka mingi kabla yake na kulilainisha kwa kadiri ya ndimi zao.

Ndiyo maana nasema majina ya maji na milima ya uwanda huu wa kati ni nyaraka, tena za zamani kuliko karatasi yoyote tuliyonayo juu ya Dodoma. Shida ni kwamba yameandikwa kwa masikio ya wapita njia. Ili kuyasoma, lazima kwanza ujue sauti za hapa zilibadilikaje, na zilibadilika kwa utaratibu gani.

Anza na mvua, maana ndiyo uwanda huu unayoililia kila mwaka. Msukuma na Mnyamwezi husema mbula. Mgogo husema mvula. Mswahili husema mvua. Anayetoka Tabora kwenda Bagamoyo kwa njia ya misafara anapita katikati ya historia nzima ya neno hilo kwa miguu. Huko magharibi b ya kale bado ipo. Ugogoni ile b, kwa kusimama mbele ya u ya kubana, imegeuka v. Pwani v ipo vilevile, ila l imedondoka na vokali mbili zimebaki zikigusana. Utaratibu ni huohuo kwenye njaa: Mgogo anasema nzala, nasi tumebaki na njaa, l imekwenda. Njia kwa Kigogo ni nzila. Kwa hiyo Kiswahili kilianza kama jirani zake, kisha kikaacha l kati ya vokali, na maneno yake mengi mafupi ya leo yana pengo ambalo masikio yetu yamekwisha lizoea.

Mabadiliko ya namna hii hayaji ovyo. Sauti ikibadilika katika neno moja, kwa kawaida hubadilika katika maneno yote yenye mazingira yale yale. Wataalamu wa karne ya 19 waliligundua hilo katika lugha za Ulaya na Asia, wakaanza kulitumia kama chombo cha kupima wakati. Hadi leo kule Balkani kuna ubishi mkubwa unaosimama juu ya majina ya mito na miji. Mto Strymon wa Wagiriki wa kale leo ni Struma. Mji wa Naissus wa Warumi leo ni Niš, na wapo wanaosema kwamba safari kutoka umbo la kwanza hadi la pili inaeleweka vizuri zaidi ikiwa wahenga wa Waalbania ndio waliolibeba jina hilo katikati. Watu wameandika vitabu vizima kuhusu vokali moja iliyopotea, kwa sababu ndani ya vokali hiyo limo swali la nani alikuwa akiishi wapi kabla ya Waslavi kufika. Sisi tuna ushahidi wa aina hiyohiyo mlangoni kwetu, na ni wachache mno waliouinamia.

Kanuni moja mashuhuri katika isimu ya lugha za Kibantu ilitambuliwa hapahapa, upande wa magharibi wa uwanda wetu. Edmund Dahl alikuwa mmisionari wa Moravian katika Unyamwezi. Alitambua kwamba Kinyamwezi kina tabia isiyo ya bahati nasibu: pale ambapo lugha nyingine zina k, t au p, na silabi inayofuata nayo inaanza na sauti ya jamii hiyohiyo isiyo na mghuno, Kinyamwezi huipa mghuno ile ya kwanza. Tatu inakuwa datu. Pita inakuwa bita kwa Wasukuma. Kati inakuwa gati, ndiyo maana wanasema hagati. Ni kana kwamba ulimi unachoka kurudia pigo lilelile mara mbili, ukalainisha la kwanza. Mwaka 1903 profesa wa Kijerumani Carl Meinhof aliitangaza kanuni hiyo kwa jina la Dahl, na hadi leo wanafunzi wa isimu huisoma kama Kanuni ya Dahl. Wanyamwezi waliomfundisha Dahl lugha yao hawakupewa nafasi katika jina hilo, ingawa kanuni ilikuwa vinywani mwao.

Kwa kanuni hiyo, rudi kwenye mlima ule alioushuka Burton. Yeye mwenyewe aliandika kwamba Rubeho ni njia ya upepo. Mbeho, kwa lugha nyingi za kati, ni upepo au baridi. Sasa chukua mzizi wa kale wa Kibantu wenye p mbili, pepo. P ya kwanza, kwa kuwa inafuatwa na p nyingine, inakuwa b. Ya pili, kama ilivyotokea kwa p nyingi za huku bara, inafifia na kuwa h. Pepo imekuwa beho. Mbele yake weka kiambishi lu-, ambacho masikio ya wageni huandika ru-. Umepata Rubeho. Mswahili naye alichukua mzizi uleule na kiambishi kilekile, akaziacha p zake zote mbili lakini akaidondosha l ya kiambishi, akabaki na upepo. Rubeho na upepo ni neno moja. Mimi sijaona mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mwanafunzi jinsi lugha mbili zinavyoweza kuchukua mali moja ya urithi, kila moja ikapoteza kipande chake, na kipande alichopoteza huyu kikabaki kwa yule.

Hicho kiambishi lu- kinastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu ndicho kilicho kwenye mito. Kiswahili kina ngeli ya u- yenye ulimi, wimbo, uzi, na zamani ngeli hiyo ilikuwa lu-. L iliondoka kwenye maneno ya kila siku. Ila tazama ramani: Ruaha, Rufiji, Ruvu, Ruvuma. Pwani yenyewe, ambako watu walikwisha sahau kusema lu-, mito imekataa kusahau. Jina la mto lina ukaidi ambao jina la kijiko au la ukuta halina. Watu wakihama, wakija wengine na lugha nyingine, huuliza tu: mto huu unaitwaje? Wanajibiwa, wanalichukua jina kama lilivyo bila kulielewa, na kwa kuwa hawalielewi hawana sababu ya kulibadilisha kwa kufuata maana.

Ruaha ni mfano wa wazi. Wahehe huuita Luvaha, na inaelezwa kwamba kwao neno hilo lina maana ya mto tu. V katikati ya vokali ni sauti laini. Mgeni hakuishika, ikayeyuka, l ikaandikwa r, na Luvaha ikawa Ruaha. Hapo unaelewa kwa nini Iringa kuna Ruaha Mdogo, na huku kuna Ruaha Mkuu unaokutana na Kisigo kwenye bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Si mito iliyopewa jina moja kwa kukosa majina. Mgeni aliuliza jina, mwenyeji akajibu kwamba ni mto, na jibu likageuka jina. Uingereza ina mito kadhaa inayoitwa Avon kwa sababu hiyohiyo: Waingereza walipofika waliwakuta watu ambao kwao neno hilo ni mto, na uzao wake katika Kiwelisi cha leo ni afon.

Kuna mto mwingine ambao jina lake lilipungua tukiliangalia. Ule unaopita Kilosa, Burton na Stanley wote wawili waliuandika Mukondokwa. Leo ni Mkondoa. U ya mu- imemezwa, kama Kiswahili kinavyofanya kwenye mtu na mti ambavyo zamani vilikuwa muntu na muti, na silabi ya mwisho imesagika. Upande wa juu mto huohuo ni Kinyasungwe, unaokusanya maji ya mashariki ya Dodoma na Mpwapwa. Upande wa chini ni Wami, hadi baharini. Mkondo mmoja, majina matatu, kwa sababu hakuna jamii iliyouona wote. Mafundi wa reli wanaufahamu kwa njia ya uchungu, maana kati ya Kilosa na Gulwe mafuriko yake yameng'oa tuta mara nyingi.

Reli yenyewe ilichangia kuyachuja majina. Dodoma ilianza kama mji mwaka 1907, enzi ya Wajerumani, wakati reli ya kati ikijengwa kuelekea Kigoma, ambako ilifika 1914. Jina la Kigogo linalotajwa ni Idodomya, mahali palipozama. Wengine husimulia habari za tembo aliyekuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu akadidimia kwenye matope. Wengine husimulia ng'ombe walioibwa na kuliwa, kisha mikia yao ikachomekwa kwenye tope ili wenyewe wakija waambiwe mifugo imezama. Mimi sina haja ya kuchagua kati ya tembo na ng'ombe. Ninachotazama ni i- ya mwanzo, ambayo Wagogo wanaitumia sana mahali: Ihumwa, Iyumbu, Ipagala, Itiso, Ipala. Kwenye vijiji vile i- imebaki. Kwenye mji uliokua mkubwa kuliko vyote imekatwa, na y ya mwisho imekatwa nayo, kwa sababu karani wa kigeni hakuiona kazi yake.

Angalia pia kinachotokea kwa ki-. Kigogo kimegeuza ki- ya kale kuwa chi-: kitu ni chinhu, na lugha yenyewe ni Chigogo. Ukifuata reli ya zamani utapita vituo vya Kikombo na Kigwe. Ukiiacha reli na kuingia ndani utakuta Chikola, Chihanga, Chilonwa, Chipanga. Haiwezi kuwa sheria isiyo na mapengo, lakini mwelekeo unasomeka: palipokaa karani aliyezoea Kiswahili, ki- iliandikwa, palipokaa wenyeji peke yao, chi- ilisalimika.

Na hicho Kikuyu cha Dodoma, kilichozaa leo kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini, kinafumbua mlango mkubwa. Wilaya ya Manyoni ina Chikuyu. Kenya kuna Gĩkũyũ. Watu wamezua hadithi za undugu wa moja kwa moja kati ya Wagogo na Wakikuyu kwa sababu ya kufanana huku, na hadithi hizo hazihitajiki. Mkuyu ni mti wa kando ya maji unaoota Afrika Mashariki nzima, na mzizi wa jina lake umeenea kama mti wenyewe. Ugogoni ki- inakuwa chi-, tunapata Chikuyu. Kwa Wakikuyu inafanya kazi ileile Kanuni ya Dahl: k ya kiambishi inafuatwa na k ya mzizi, hivyo inageuka g. Kiswahili, ambacho hakina kanuni yoyote kati ya hizo mbili, kinasema Kikuyu kwa wote na hivyo kufanya majirani wa mbali waonekane pacha.

Sauti inayoteswa zaidi na waandishi wa mabango ni ile ya pumzi ya puani. Simama barabarani karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma uangalie jina la kata ya jirani. Bango moja limeandikwa Ng'hong'honha, jingine Nghong'onha, jingine Ng'ong'ona, na abiria wengi hulitamka kwa kadiri wanavyoweza. Anayelisema sawasawa, weka kiganja chini ya pua yake: utasikia upepo unatoka puani kabla vokali haijaja. Sauti hiyo ina historia. Zamani palikuwa na n ikifuatwa na t, m ikifuatwa na p, au ng' ikifuatwa na k. Kigogo kiliitupa t, p na k, kikabaki na sauti ya pua iliyobeba pumzi: mtu ni munhu, tembo ni nhembo, pembe ni mhembe, kuku ni ng'huku. Kiswahili kilifanya kinyume chake. Kiliitupa sauti ya pua kikabaki na t, p na k, lakini pumzi ikasalia. Wazee wa Mombasa na Lamu hutofautisha hadi leo paa la nyumba na paa wa porini, huyu wa pili akitamkwa kwa pumzi. Pumzi ya Mmvita na pumzi ya Mgogo zimetoka kifua kimoja.

Sasa fikiria mgeni anayesikia mh kwa mara ya kwanza. Sikio lake linatafuta kitu anachokijua, linapata mp. Wenyeji wa Mpwapwa husimulia kwamba jina la asili ni Mhamvwa. Mh kusikika mp ni jambo la kutegemewa kabisa. Mwisho wa neno ni mgumu zaidi: mvwa haipaswi kuwa pwa kwa kanuni yoyote ninayoijua ya huku, na nadhani hapo ulimi wa wageni ulirahisisha kwa kurudia silabi moja mara mbili. Wajerumani nao, walipojenga kituo chao mwaka 1889, waliandika Mpapua. Kanuni za sauti hueleza mengi. Uzembe wa sikio hueleza yaliyobaki, na mtafiti mwaminifu lazima aseme kipi ni kipi.

Wagogo wenyewe walikuwa na mwandishi. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa 1917, anajulikana zaidi kwa ushairi, lakini mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikuwa na kile ambacho Burton hakuwa nacho: alisikia sauti hizi kabla ya kujua kusoma. Baadaye ulikuja Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2009 ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Ukifungua atlasi hiyo kwenye ukurasa wa katikati ya nchi, utaona jambo lisilopatikana kwa urahisi mahali pengine Afrika.

Kati ya Kondoa, Chemba na Mbulu zinakutana lugha za jamii nne zisizo na ukoo wa karibu. Kuna Kibantu: Wagogo, Warangi (wao wenyewe hujiita Valangi, l na r tena), Wanyaturu. Kuna Kikushi: Wairaqw, Wagorowa, Waalagwa, Waburunge. Kuna Kinailoti: Wamasai na Wadatoga. Na kuna Wasandawe, wenye sauti za kidoko, ambao wengi wanawahusisha na wachoraji wa kale wa miamba ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Uliza maji yanaitwaje. Mgogo atasema malenga, Mmasai enkare, Mwiraqw ma'ay, Msandawe ts'a. Hakuna neno hata moja linaloweza kuzaliwa na jingine.

Majina ya maji yamepangana kwa tabaka hizo. Upande wa Kiteto utakuta Njoro, na Njoro nyingine ziko Moshi na Nakuru. Ni neno la Kimasai la chemchemi, enchoro, lililodondosha e yake na kupata mghuno. Ngare zote za kaskazini ni enkare kwa njia ileile. Hilo ni tabaka la juu, la karne za karibuni. Chini yake ni tabaka la Kibantu, lenye lu-, ma- na chi-. Chini yake tena yamo majina ambayo hayatii sheria ya Kibantu, na hayo ndiyo yanayonivuta zaidi.

Lugha za Kibantu hupenda silabi zilizo wazi, konsonanti kisha vokali. Jina linalofunga silabi yake kwa konsonanti linajitangaza kuwa ni la mwingine. Wilaya ya Chemba ina Sanzawa, ambamo Sandawe inasikika ikiwa imepita kwenye kinywa cha Kibantu. Na ina Farkwa. Sema polepole: Far-kwa. R na kw zimegusana bila vokali ya kuzitenganisha. Hakuna Mgogo wala Mrangi ambaye angeliunda jina hilo kwa vifaa vya lugha yake. Limetoka kwa Wasandawe au kwa majirani zao Wakushi, na kuamua kati ya hao wawili kunahitaji mtu akae na wazee wa pande zote mbili, awarekodi wakilitamka, alinganishe irabu na toni. Kazi hiyo ina haraka, kwa sababu Farkwa ndipo palipopangwa bwawa kubwa la kuzuia maji ya mto Bubu, mto unaopita kwa Warangi, Waburunge na Wasandawe kabla ya kumwagika kwenye ardhi oevu ya Bahi kwa Wagogo. Maji ya bwawa hilo yamekusudiwa kuletwa makao makuu ya nchi, na vijiji vinavyolijua jina hilo kwa sauti yake ya asili ndivyo vilivyo karibu na mahali maji yatakapojaa.